Mlio wa pampu si kipimo cha mafuta

Ndugu Mhariri,

Katika ukurasa wenu wa magari mlichapisha ushauri kwa wenye magari madogo ya zamani: gari likikosa nguvu au likikataa kuwaka, fungua swichi bila kupiga stata, tega sikio upande wa tangi. Ukisikia pampu ya mafuta inavuma, pampu ni nzima, tafuta ubovu kwingine. Usiposikia kitu, pampu imekufa, nunua nyingine. Naomba nafasi nipinge ushauri huo mwanzo hadi mwisho. Nusu yake ya kwanza humfanya mtu aamini kuwa gari bovu ni zima, na nusu ya pili humpeleka dukani kununua kitu ambacho tayari anacho.

Mimi nafundisha ufundi wa magari chuoni. Magari tunayojifunzia ni madogo na ya zamani, mengi yana umri kuwapita wanafunzi wanaoyafungua, na kila darasa jipya huja na imani hii hii ya sikio. Wameichukua gerejini, kwa kaka, kwa mjomba. Kuwaondolea imani hiyo ni kazi yangu ya kila mwanzo wa muhula, kwa hiyo mnielewe nikionekana mkali baada ya kuiona imepigwa chapa gazetini.

Mlio wa pampu ya umeme unatoa habari moja tu, kwamba mota inazunguka. Hautoi habari ya petroli. Kwenye magari mengi ya injekta, yaani yanayonyunyizia injini petroli kwa presha, pampu hukaa ndani ya tangi, imezama, na petroli hiyo hiyo ndiyo inayoipoza. Chini yake kuna kichujio laini cha nyuzi, na juu yake kuna kipande kifupi cha mpira kinachoiunganisha na bomba la kutokea. Sasa fikirieni kipande hicho kimepasuka baada ya kulowa miaka na miaka. Mota inavuma vizuri, petroli inasukumwa vizuri, lakini inarudi tangini kupitia ufa kabla haijafika kwenye bomba. Mwenye gari akitega sikio atasikia pampu nzima, na kweli ni nzima. Injini ndiyo haipati kitu. Au kichujio kile cha chini kimeziba kwa kutu na uchafu: hapo pampu hulia kwa nguvu kuliko kawaida, maana inavuta bila kupata, na mtu akisikia mlio mkubwa hudhani anaipata pampu yenye afya. Au sehemu ya ndani inayosukuma mafuta imelika, mota ikawa inazunguka kama zamani huku ikitoa nusu ya presha. Hali zote tatu huwa na mlio.

Na ukimya nao hauthibitishi kifo. Magari mengi ya injekta huizungusha pampu kwa takriban sekunde 2 swichi inapofunguliwa, kisha kompyuta huizima mpaka ione injini inazunguka. Huo ni usalama: gari likipinduka na injini ikazimika, pampu isiendelee kumwaga petroli. Aliyefungua swichi, akashuka, akaenda nyuma na kuinama karibu na tangi, amekwisha kuchelewa. Halafu kuna magari ya miaka ya 1980 na mwanzoni mwa 1990, yale yenye kipima hewa cha mlango unaosukumwa na hewa, ambayo hayaizungushi pampu kabisa kwa kufungua swichi tu. Umeme wa pampu hupitia swichi ndogo iliyomo ndani ya kipima hewa hicho, nayo hufunga pale tu injini inapovuta hewa. Gari la namna hiyo likiwa zima kabisa, kwa ushauri wenu, linahukumiwa kununuliwa pampu. Toyota nyingi za wakati ule zina kisanduku cha uchunguzi chini ya boneti chenye matundu yaliyoandikwa Fp na +B. Ukiyaunganisha kwa waya na kufungua swichi, pampu hukimbia bila injini kuzunguka. Hapo ndipo ukimya unapoanza kuwa na maana. Lakini soma kitabu cha gari lako kwanza, kwa sababu kuunganisha tundu jirani kwa kubahatisha kunaweza kuunguza kompyuta.

Kinachojibu swali ni geji ya presha. Kifaa ni kidogo, kina uso wa duara na mpira mmoja, na katika karakana nyingi nilizopita hukikuti, ilhali spana za kufungulia pampu zimejaa. Baadhi ya magari yana vali ya kupimia kwenye reli ya injekta, yaani bomba linalozigawia injekta mafuta. Mengine hayana, inabidi kufungua bomba baada ya filta na kuweka kiungo cha njia tatu. Kabla ya kufungua, presha iliyomo ishushwe: ng'oa fyuzi au rilei (swichi inayoendeshwa na umeme) ya pampu, acha injini iwake mpaka izimike yenyewe kwa kukosa mafuta, kisha ondoa waya wa betri upande wa hasi. Funika kiungo kwa kitambaa unapokilegeza. Petroli yenye presha ikiruka usoni huingia machoni, ikitua kwenye bomba la moshi lenye moto huwaka.

Kiasi cha presha hutegemea mfumo, na hapa makala yenu ilinyamaza kabisa. Pampu ya kusukumwa na injini kwenye gari la kabureta (chombo kinachochanganya petroli na hewa kwa mvuto wa injini) hutoa presha ndogo, karibu baa 0.2 hadi 0.4; baa 1 ni karibu sawa na presha ya hewa ya kawaida. Mfumo wa injekta moja iliyokaa juu ya manifoldi (mabomba yanayoingiza hewa kwenye injini) hufanya kazi karibu baa 1. Mfumo wa injekta moja kwa kila silinda mara nyingi huwa kati ya baa 2.5 na 3. Mfumo wa Bosch uitwao K-Jetronic, uliotoka 1973 na kuingia katika magari mengi ya Ulaya, hufika karibu baa 5. Tofauti hizi ndizo zinazofanya uhamishaji wa pampu kutoka gari moja kwenda jingine uwe hatari. Pampu ya injekta ikifungwa kwenye gari la kabureta bila kidhibiti cha presha, sindano inayofunga mlango wa bakuli la mafuta la kabureta haiwezi kuizuia. Petroli hufurika, hushuka juu ya injini yenye moto. Nimeona boneti iliyoungua kwa sababu hiyo, na pampu iliyosababisha ilikuwa nzima kabisa, inavuma.

Presha ikiwa ndogo, bado usinunue. Kwenye gari lenye bomba la kurudishia mafuta tangini, bana kwa muda mfupi sana mpira wa kurudishia, mpira laini tu, kamwe si bomba la plastiki, huku ukitazama geji. Presha ikipanda haraka, pampu ina nguvu na kidhibiti cha presha ndicho kinachoachia ovyo. Isipopanda, udhaifu uko upande wa kuleta: filta, kichujio cha tangini, bomba lililobonyea, umeme, au pampu yenyewe mwisho wa orodha. Kidhibiti nacho kina mpira mwembamba unaokiunganisha na manifoldi. Ung'oe mpira huo injini ikiwa inawaka bila kukanyagwa: presha inatakiwa ipande kiasi cha nusu baa. Ukikuta ndani ya mpira huo kuna petroli au harufu nzito ya petroli, ngozi ya ndani ya kidhibiti imetoboka na injini inakunywa mafuta kwa mlango wa nyuma. Gari la hivyo hutoa moshi mweusi, plagi zake ni nyeusi, na mwenyewe hulalamika kwamba mafuta yanakwisha upesi. Watu wengi wa hali hiyo wameshauriwa kubadilisha injekta.

Zima injini, iache geji mahali pake. Presha inatakiwa ikae kwa dakika nyingi. Ikianguka papo hapo, kuna vali isiyofunga ndani ya pampu, au kidhibiti kinavuja, au injekta inadondosha. Hilo ndilo gari linalowaka vizuri asubuhi lakini ukilizima likiwa na moto na kurudi baada ya robo saa, inabidi upige stata kwa muda mrefu.

Presha peke yake nayo haitoshi. Pampu iliyochoka inaweza kufikisha baa 3 pale mafuta yakiwa hayana pa kwenda, lakini injini ikiomba mengi, haina. Kwa hiyo tunapima na wingi: mafuta yaelekezwe kwenye chombo cha chuma au cha plastiki maalumu ya petroli, mbali na injini, pampu izungushwe kwa sekunde 30. Kwa magari mengi madogo ya injekta unatarajia karibu nusu lita au zaidi, na kitabu cha gari husika ndicho chenye neno la mwisho. Likiwa gari linalokosa nguvu mlimani tu, kipimo cha karakana kinaweza kukudanganya bado, maana karakanani hakuna mlima. Hapo tunatumia geji yenye mpira mrefu, tunaifunga kwa nje juu ya kioo cha mbele, mtu mmoja anaendesha na mwingine anasoma. Geji isiingizwe ndani ya gari kwa hali yoyote. Mpira wake una petroli yenye presha. Presha ikibaki palepale huku gari likikata nguvu, mafuta hayahusiki, na utafutaji uhamie kwenye moto wa plagi au kwenye bomba la moshi lililoziba. Presha ikishuka pamoja na nguvu, umeikamata.

Nikifika hapa wanafunzi huwa wamekwisha kuifungua pampu mioyoni mwao. Nawazuia tena, kwa sababu ya umeme. Katika gari la miaka 30, nafikiri hapa ndipo penye makosa mengi kuliko pampu zenyewe, na ndipo panapopimwa kidogo zaidi. Pampu ni mota. Ikipewa volti 10 badala ya 13, huzunguka taratibu, huvuma, na presha hushuka. Kupima volti kwenye tundu la waya uliochomolewa hakusaidii. Waya uliobakiwa na nyuzi mbili tatu utaonyesha volti 12 safi kabisa wakati hakuna kinachovutwa, halafu pampu ikiunganishwa volti zinaanguka. Pima pampu ikiwa inafanya kazi. Weka mguu mmoja wa mita kwenye chanya ya betri na mwingine kwenye waya chanya palepale kwenye pampu: usomaji ukizidi nusu volti, kuna umeme unaopotea njiani. Kisha fanya hivyo upande wa hasi, kutoka hasi ya betri hadi waya wa athi wa pampu, ule unaorudisha umeme kwenye bodi. Mara nyingi utakuta skrubu moja ya athi iliyofungwa kwenye bodi, chini ya zulia la buti, imekula kutu. Kuisugua ikang'aa, kuirudisha na kuipaka grisi ndiyo tiba yote, na pampu ya zamani inaendelea na kazi yake.

Kuna pia rilei. Baadhi ya magari madogo ya Kijapani ya miaka ya 1980 na 1990 yana rilei kuu iliyofichwa chini ya dashibodi, na risasi za kulehemu zilizounganishia miguu yake kwenye ubao wa ndani hupata nyufa nyembamba kwa miaka ya kupata joto na kupoa. Gari likiegeshwa juani na vioo vimefungwa, nyufa hufunguka: stata inazungusha, injini haishiki. Jua likishuka, linawaka kama halijawahi kuugua. Pampu za watu zimebadilishwa kwa ugonjwa huu, na gari "likapona" kwa kuwa lilifanyiwa kazi jioni. Fungua kifuniko cha rilei, tazama miguu yake kwa kioo cha kukuzia, na utaona duara jembamba jeusi kuizunguka risasi. Kuichoma upya kwa pasi ya risasi hutosha.

Saa na mazingira ya ubovu ni ushahidi mzuri kuliko mlio, na mwenye gari anaweza kuukusanya bila kifaa. Nawaomba wasomaji waandike: lilizima likiwa limetembea kiasi gani, jua au mvua, tangi limejaa au liko karibu kukauka, mlima au tambarare, lilizima ghafla au lilianza kwa kukohoa. Injini ikizimika ghafla katikati ya mwendo, nashuku moto wa plagi kwanza. Ikivuta na kuachia, ikijikongoja, ukipunguza kukanyaga inapata nafuu, nashuku mafuta. Si sheria ya chuma, ila inaelekeza pa kuanzia.

Gari linalozima baada ya mwendo mrefu, likikaa dakika chache linawaka tena na kwenda, likazima tena: mara nyingi kuna takataka zinazoelea tangini. Zinavutwa mpaka zinafunika kichujio cha pampu, injini inakufa njaa, pampu ikisimama zinaanguka, na safari inaanza upya. Kwa gari hilo pampu mpya itaingia kwenye tangi chafu na kufa mapema. Tangi lishushwe, lioshwe, kutu iangaliwe.

Ukifungua kifuniko cha tangi baada ya gari kuzima na ukasikia hewa inaingia kwa kishindo, na injini ikawaka baada ya hapo, tundu la kupumulia la tangi limeziba. Petroli ikitoka lazima hewa iingie. Isipoingia, pampu inavutana na utupu. Kifuniko kisicho chake, kilichonunuliwa kwa kuwa tu kinaingia kwenye mdomo wa tangi, huleta jambo hili mara nyingi.

Magari ya kabureta yanastahili maneno yake. Pampu yake ya kawaida imefungwa ubavuni mwa injini, inasukumwa na kamshafti (mhimili unaofungua vali za injini), na ndani ina ngozi inayopanda na kushuka. Haina mlio wa kusikilizwa, kwa hiyo ushauri wenu haumsaidii kabisa mwenye gari la aina hii, naye ndiye mwenye gari la zamani hasa. Kipimo cha kwanza hakihitaji hata geji. Injini ikiwa imezimwa, ondoa kifuniko cha filta ya hewa, tazama kwenye koo la kabureta na uvute kwa mkono chuma cha mafuta. Ukiona mchirizi wa petroli unaruka, bakuli lina mafuta na pampu imefika angalau hapo. Usipoona, angalia kwanza sindano ya bakuli isiwe imenata juu, halafu ndipo urudi nyuma kwenye pampu. Chomoa kijiti cha oili unuse. Oili ikinuka petroli na kiwango chake kimepanda, ngozi ya pampu huenda imepasuka na inamwaga ndani ya injini. Gari hilo lisiendeshwe tena hata kilomita moja, kwa kuwa oili iliyochanganyika na petroli hailindi beringi za injini.

Pampu hii huvuta kutoka mbali, tangi liko nyuma nayo iko mbele. Sehemu yote ya kuvutia ina presha ndogo kuliko ya hewa ya nje, kwa hiyo mpira wenye ufa mdogo upande huo hauvuji petroli hata tone. Unanyonya hewa. Mtu anaangalia chini ya gari, anaona pakavu, anasema mabomba ni mazima. Kutambua, weka kipande cha mpira mpya moja kwa moja kutoka kwenye kidumu salama hadi kwenye mdomo wa pampu. Injini ikitulia, ubovu uko kati ya tangi na pampu. Na mipira inayozeeka huharibika ndani kabla ya nje, hasa kwa petroli iliyochanganywa ethanoli ikiwa mpira wenyewe ni wa zamani: tabaka la ndani hubanduka, ulimi wake ukageuka vali na kuziba njia pale mvuto unapokuwa mkubwa. Ukibadilisha, nunua mpira wa daraja lake. Wa kabureta huandikwa SAE 30R7, wa injekta 30R9. Wa kabureta usiwekwe kwenye injekta, hautabeba presha.

Joto pia ni adui wa upande huu wa kuvutia. Sehemu nyepesi za petroli huanza kuchemka kwenye nyuzi 35 hadi 40 hivi za Selsiasi, na mvuto wa pampu hushusha kiwango hicho zaidi. Bomba likipita karibu na bomba la moshi, mafuta hugeuka mvuke, na pampu ya ngozi haiwezi kusukuma mvuke. Suluhisho ni kulisogeza bomba, kurudisha ngao ya joto ambayo mtu aliitupa, na kufunga kipande cha kukinga joto chini ya kabureta.

Ipo pampu moja ya umeme ninayokubali isikilizwe, nayo ni ile ya kampuni ya SU iliyofungwa kwenye magari kama Morris Minor, gari lililoanza kuuzwa 1948. Hiyo haivumi, inagonga. Ukifungua swichi hugonga haraka mpaka bakuli lijae, kisha hunyamaza. Ikiendelea kugonga mfululizo bila kupumzika, tangi ni tupu au inavuta hewa. Ikigonga mara moja moja wakati injini imezimwa na hakuna anayetumia mafuta, sindano ya bakuli au vali za pampu zinavuja. Ikinyamaza huku bakuli ni kavu, pointi zake zimeungua au zimenata. Kila kugonga ni kiasi fulani cha petroli kilichosukumwa, ndiyo maana mlio wake una habari. Labda ushauri wenu ulizaliwa kwenye magari hayo na ukarithishwa kwa magari usioyahusu.

Wako watakaosema siku hizi inatosha kuchomeka kompyuta ya uchunguzi. Magari mapya ya petroli yaliyouzwa Marekani tangu 1996, na Ulaya tangu 2001, yanatakiwa kuwa na tundu hilo kwa mfumo mmoja. Mengi ya tunayoyazungumzia ni ya kabla ya hapo. Na hata yaliyo nalo, madogo mengi ya injekta za kawaida hayana sensa ya presha ya mafuta. Kompyuta inaona tu hewa iliyobaki kwenye moshi, inasema mchanganyiko ni mwembamba, inaishia hapo. Sababu ya wembamba huo inaweza kuwa pampu, filta, au mpira wa manifoldi unaonyonya hewa. Geji bado inahitajika.

Nimeacha mwisho jambo linaloniuma kuliko yote. Picha mliyoiweka pembeni ya makala ilimwonyesha kijana akinyonya petroli kwa mpira ili kutoa mafuta tangini. Naomba picha hiyo isitumike tena. Petroli ni nyepesi mno. Ikifika kinywani, tone linalokosea njia na kuingia mapafuni husambaa na kuchoma mapafu kwa ndani. Mtu anaweza kukohoa kidogo, akacheka na wenzake, kisha saa chache baadaye akashindwa kupumua. Aliyemeza asilazimishwe kutapika na asipewe chochote cha kumfanya atapike, kwa sababu kutapika ndiko kunakoirudisha petroli kooni na kuipa njia ya pili ya kuingia mapafuni. Apelekwe hospitali hata kama anasema yuko salama, na waganga waambiwe wazi kwamba ni petroli. Pampu ya mkono ya kuhamishia mafuta ni kifaa cha bei ndogo katika kazi hii, na kila fundi anaweza kuwa nayo.

Mvuke wa petroli ni mzito kuliko hewa, unashuka na kutambaa sakafuni, unajaa kwenye shimo la karakana na kungoja cheche. Hata katika baridi kali petroli inatoa mvuke wa kuwaka. Kwa hiyo tangi lisifunguliwe juu ya shimo, wala ndani ya chumba kilichofungwa, wala karibu na betri inayochajiwa, wala kwa mwanga wa taa ya balbu inayoweza kuanguka na kuvunjika. Kizimamoto cha unga kiwe karibu na mkono. Maji hayazimi moto wa petroli, yanausambaza.

Ombi langu kwenu, Mhariri, ni kwamba marekebisho haya yachapishwe kwenye ukurasa ule ule wa magari, kwa herufi za ukubwa ule ule wa makala ya kwanza, na tahadhari ya kutonyonya petroli kwa mdomo iwekwe juu kabisa, kabla ya habari ya pampu. Kama mtahitaji picha, niko tayari kuwapigia karakanani kwetu: geji ikiwa imefungwa kwenye reli ya injekta, na mwanafunzi ameshika pampu ya mkono.

Wenu,
Mwalimu wa ufundi wa magari